Songwe Ipi?

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye njia ya kwenda mashine ya mpunga ananiuliza swali lile lile: ilikuwaje mtu atoke Makwale kwenda Kasumulu, safari ambayo bodaboda mwenye haraka huimaliza kabla uji haujapoa, akapitia Tukuyu, Mbeya na Vwawa? Wengine huuliza kwa huruma. Jirani yangu Mama Atu huuliza kwa sababu anataka kusikia tena sehemu ya kikohozi. Nimechoka kusimulia kwa mdomo, hasa kwa kuwa Mama Atu hunisahihisha kila ninaposimulia, na yeye hakuwepo. Kwa hiyo naandika.

Mambo ya fomu, picha na mihuri nayaruka. Aliyewahi kuomba karatasi ya serikali anayajua, na ambaye hajawahi namwachia raha yake.

Jambo moja lazima mlijue mapema. Mimi nilizaliwa Karonga, ng'ambo ya mto, nikaolewa huku. Kibali changu cha kuishi nchini kilining'inia kwa mume wangu, Ambakisye. Ambakisye alipofariki, kikabaki kinaning'inia hewani. Nilipewa muda, muda ukaisha, nikaongezewa, nao ukakaribia kuisha. Mwishowe nikaomba ukaazi wa kudumu, mdhamini wangu akiwa baba mkwe. Nikikataliwa, narudi Karonga, ambako nina kaka mmoja, na kaka huyo ana mke aliyekwisha kunieleza udogo wa nyumba yao bila mimi kumuuliza. Huku nina kakao shambani, kaburi la mume wangu, na mzee ambaye hana mwingine wa kumpikia.

Na mzee huyo anaitwa Songwe.

Ndiyo, kama mto. Mama yake alishikwa na uchungu ukingoni akisubiri mtumbwi. Jina hili naliandika bila hofu kwa sababu waliotunga mila hawakuwa na kalamu, kwa hiyo hawakukataza kuandika. Kulitamka ndiko kulikonishinda. Kwetu, Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule, ambao ni watu wamoja waliogawanywa na maji, mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Haketi naye, hakutani naye njiani, hatamki jina lake, wala neno linalofanana na jina lake. Vijana wa siku hizi wanaicheka mila hii. Hata mimi niliicheka. Chuo kikuu niliandika tasnifu nzima juu yake, nikathibitisha kwa tanbihi nyingi kwamba inakufa, nikapewa alama nzuri. Kisha nikaolewa Makwale. Asubuhi ya kwanza, niliposikia mzee anakohoa uani, nilijikuta nimejibanza nyuma ya ghala la mpunga, mimi na tasnifu yangu.

Toka siku hiyo sijasonga ugali. Nakoroga. Sijapata msongo wa mawazo, nina mawazo mengi tu. Songea kwangu ni "kule kwa Wangoni". Mto ni "maji ya mpakani". Na mzee mwenyewe nilimjua kwa vipande: visigino, kofia, mgongo ukiingia mlangoni, na kile kikohozi.

Simu

Nilikuwa nageuza kakao kwenye mkeka simu ilipoita. Sauti ya kijana, ya heshima.

"Mama, usaili wako ni wiki hii. Tupo mpaka Ijumaa. Uje na mdhamini wako."

"Ndaga, ahsante baba. Nije wapi?"

"Songwe."

Hapo mtu mwingine yeyote angeuliza: Songwe ipi? Maana Songwe ni mto. Tena kuna watu ambao hata kituo cha mpakani pale Kasumulu hukiita kwa jina la mto. Tena ni mkoa mzima, upande wa pili wa Mbeya. Tena ni uwanja wa ndege. Swali lenyewe lina maneno mawili, nami niliweza moja.

"Ipi?" nikasema.

"Ipi nini?"

"Ipi hiyo uliyoitaja."

"Songwe, mama. Huijui Songwe?"

"Naijua. Ni ile kubwa?"

Akafikiri kidogo. "Eeh, siku hizi ni kubwa. Wamejenga."

"Nitakuja," nikasema.

Kwangu mimi, ile kubwa ni mkoa, na ofisi za mkoa zipo Vwawa. Nikaenda kwenye uzio wa Mama Atu, kwa kuwa ujumbe wote kati yangu na baba mkwe hupita kwake. Nikamwomba amwambie baba kwamba tunaitwa Vwawa.

Mama Atu hakuhitaji kutembea. Alipaza sauti palepale. "Taata, mkamwana wako anasema mnaitwa Vwawa."

Nikasikia sauti ya baba nyuma ya migomba: "Vwawa? Kuna nini Vwawa?"

"Anauliza kuna nini Vwawa," Mama Atu akaniambia, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mwambie ndiko walikosema."

"Ndiko walikosema, taata."

"Haya. Kama ni Vwawa, ni Vwawa."

Ningempelekea neno lenyewe jinsi lilivyosemwa, mzee angeuliza lile swali lililonishinda. Lakini ningelipelekaje?

Kyela hadi Tukuyu

Pale Kyela mjini baba alipanda gari mbele, kiti cha nyuma ya dereva. Mimi nikaenda kiti cha mwisho kabisa, nikainamisha kichwa kama mtu aliyekula nauli ya mwenzake. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Tukuyu, mnene, mchangamfu, akiwa na ndoo ya samaki, mbasa wa kukaanga, iliyofunikwa jani la mgomba. Alikuwa ametandaza kitenge chake hadi nusu ya kiti changu.

"Jivute kidogo, dada," nikamwambia.

Konda akasikia. "Mama, mwambie asonge."

"Nimemwambia ajivute."

"Hajasikia. Mwambie asonge."

"Mwambie wewe."

"Si uko naye hapo? Unashindwa kusema songa?"

Konda akatikisa kichwa, akatangazia gari zima kwamba abiria wa siku hizi wanataka hata kusemewa. Mama wa mbasa akasonga mwenyewe, akiniangalia kwa wasiwasi.

Tukapita njia panda ya kwenda mpakani. Upande wa kushoto kulikuwa na malori yamejipanga kuelekea Kasumulu, na bango. Nililisoma bango lote. Nakumbuka niliwaza: mahali pazuri, siku moja nitapita kwenda kumsalimia kaka yangu.

Gari lilipoanza kupanda milima, ubaridi ukaingia. Sikuwa na sweta, kwa sababu msomi hutoka nyumbani akitazama jua la nyumbani. Nilipoanza kupiga chafya niliona jambo likitokea mbele. Koti jeusi, kuukuu, lilinyanyuliwa juu ya viti, likaanza kuja nyuma, mkono kwa mkono, kila abiria akimwambia mwenzake, "Mpe yule mama wa nyuma, mzee anasema avae." Lilinifikia likiwa na maelekezo zaidi. Abiria aliyenikabidhi alisema, "Na mzee anasema usifungue dirisha."

"Mwambie baba ndaga fijo."

Shukrani nayo ikasafiri kwenda mbele, mdomo kwa mdomo. Sijui ilifika ikiwaje, maana nilisikia baba akimjibu mtu, "Fisi? Fisi gani?"

Tukuyu hadi Mbeya

Baada ya Tukuyu gari lilikohoa, likasimama kwenye mashamba ya chai, mvua nyepesi ikinyesha. Konda akasema wote tushuke ili dereva afungue kifuniko kilichokuwa chini ya viti. Abiria wote wakasimama pamoja kando ya barabara. Kwa mtu wa kawaida hilo si tatizo. Kwangu lilikuwa sawa na kuitwa jukwaani uchi. Nikavuka barabara, nikajificha nyuma ya mgomba mmoja uliobakiwa na majani matatu, yote yamechanika.

Mama wa mbasa akanifuata. "Umemkosea nini huyo mzee?"

"Ni mkwe wangu."

Uso wake ukabadilika papo hapo. Sote ni watu wa mila moja, kuelewana hakukuhitaji hotuba. "Ungesema mapema," akasema. Akafungua kitenge chake, akakishika kwa mikono miwili kama pazia kati yangu na barabara, akasimama hivyo mvuani muda wote dereva alipokuwa akigombana na injini.

"Wewe humwogopi mkwe wako?" nikamuuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Wangu alinifungua zamani. Alinipa mbuzi mbele ya watu, akasema basi, tutazamane. Huyu wako hajakupa kitu?"

"Hajawahi."

"Labda anangoja apate kilicho kizuri. Wazee wanaona aibu kutoa kidogo."

Akanipa kipande cha mbasa. Nilikila nimesimama nyuma ya kitenge, na hadi leo sijala samaki mtamu kama yule.

Mbeya tuliingia jioni, tukiwa na njaa. Baba akaelekea mgahawa mmoja karibu na stendi, nami nikamfuata kwa umbali. Alipokaa mezani, mimi nikaenda kona ya jikoni, nikageuzia kiti changu ukuta. Mhudumu wa pale hakuwa mtu wa kwetu. Alitutazama mara kadhaa, kisha akaniletea wali maharage na ushauri.

"Mama, samahani naingilia. Yule mzee ameshakulipia chakula."

"Mwambie ahsante."

"Si umwambie mwenyewe? Yuko pale."

"Siwezi kuongea naye."

Akavuta kiti, akakaa. "Angalia, mama. Mimi nimeolewa mara mbili. Wanaume wazee wana kiburi lakini huyu ameanza yeye kujirudi. Ametuma chakula. Ameagiza uongezewe mchuzi. Wewe unataka nini tena? Msamehe mzee wa watu."

"Si mume wangu."

"Ndivyo tunavyosema wote tukiwa na hasira."

Aliponiacha alikwenda kwa baba. Sikugeuka, lakini nilimsikia akimwambia, "Mzee, amelainika kidogo. Kesho asubuhi mnunulie kitu." Baba akajibu kwa sauti ya mtu aliyetegwa, "Kitu gani?"

"Nguo," mhudumu akasema. "Mwanamke hakatai nguo."

Vwawa

Tulifika Vwawa Alhamisi. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikaingia ofisini kwa hatua za mtu aliyejiandaa. Njia nzima nilikuwa nimekariri majibu: wimbo wa taifa, mazao ya mkoa, mwaka wa uhuru. Baba alibaki nje barazani, nyuma ya nguzo.

Karani wa mapokezi alipekua majina yake, akapekua tena.

"Mama, hapa hatuna usaili wiki hii. Umeambiwa na nani?"

Nikampa namba iliyonipigia. Akapiga, akaweka sauti kubwa, na ile sauti ya kijana mwenye heshima ikajaa chumba.

"Huyo mama? Tunamsubiri tangu jana. Yuko wapi?"

"Yuko hapa Vwawa."

"Vwawa kufanya nini?"

"Anasema mlimwita Songwe."

"Songwe ya mpakani, Kasumulu. Huyo si ni mtu wa Kyela? Tungemwitaje Vwawa mtu wa Kyela?"

Karani akanigeukia. Hakuwa na ubaya, alikuwa na mshangao tu. "Mama, si ungeuliza ni Songwe ipi?"

Nyuma yangu, barazani, nikasikia kikohozi kifupi kikikatika katikati, kama mtu aliyemeza kitu.

"Kesho ndiyo mwisho," sauti ya simu ikasema. "Kesho mchana tunafunga mafaili. Asipofika, hilo faili linarudi juu likiwa tupu, na muda wake alioongezewa hauendi mbali."

Nikatoka nje nikaketi kwenye ngazi. Nilikuwa nimevuka milima kuukimbia mto ulio karibu na shamba langu. Niliwaza chumba cha kaka yangu, kile cha mahindi, ambacho mke wake alisema kinaweza kufagiliwa. Niliwaza ni nani atakayemtilia mzee tangawizi kwenye chai. Mlinzi wa geti akaja akainama.

"Mama, yule mzee anasema ungoje hapa, asogee sokoni mara moja."

"Gari la kurudi Mbeya linaondoka sasa hivi. Mwambie."

"Nimemwambia. Anasema lingoje."

Gari halikungoja. Tulipata jingine baada ya muda mrefu, na baba alipanda akiwa na kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa kamba ya mgomba. Vwawa iko Mbozi, nchi ya kahawa, nikajua ni kahawa. Nilimkasirikia, jambo ambalo mila haikatazi mradi ulifanye kimyakimya. Mimi nakaribia kufukuzwa nchini, nikawaza, mzee anawaza kahawa.

Kasumulu

Ijumaa tulishuka Kasumulu kabla ya mchana, kata ya Njisi, mpakani kabisa. Ni kweli wamejenga. Malori yalikuwa yamepanga foleni, wanaume wakibadilisha fedha chini ya miavuli, wanawake wakiuza ndizi za kuchoma. Nyuma ya majengo, mto ukipita zake, mwembamba na wa rangi ya matope, bila habari kwamba umeniharibia wiki nzima.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye lafudhi ya Tanga, ile ya kila neno kuoshwa kabla ya kutolewa. Baba aliambiwa angoje nje. Nikakaa.

"Karibu, mama. Pole na safari. Mumeo marehemu aliitwa nani?"

"Ambakisye."

"Ambakisye nani?"

Nikatazama meza. "Ambakisye wa Makwale."

Akaandika kitu kifupi. "Mpaka wetu na Malawi ni mto gani?"

"Ule pale." Nikaonyesha dirishani.

"Unaitwaje?"

"Maji ya mpakani."

"Mkoa unaopakana na Mbeya kwa magharibi?"

"Vwawa."

"Vwawa ni mji."

"Ndiyo. Jana nilikuwa huko."

"Ni makao makuu ya mkoa gani?"

"Ule wa jirani."

Akaweka kalamu chini polepole. "Mama, hapa inaonyesha una shahada."

"Ndiyo."

"Ya nini?"

"Mila na desturi."

"Si jiografia."

"Hapana."

"Haya. Mdhamini wako ni baba mkwe wako. Anaitwa nani?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, karibu nitoe na tanbihi. Nikasema ni mwiko, jina haliingii kinywani mwangu, anipe karatasi niandike.

"Kuandika mmeshaandika kwenye fomu," akasema. "Mimi hapa nasikiliza. Tena nikwambie ukweli, mama. Wako watu wanaokodi wakwe. Wanamtafuta mzee, wanamwandika, kisha ukimuuliza jina la huyo mzee hajui. Sasa asiyelijua jina na anayelijua ila hawezi kulisema, mimi nitawatofautisha vipi?"

Hoja yake haikuwa na tundu hata moja. Ningekuwa mimi ndiye afisa, ningejinyima.

"Mwite aingie," nikasema.

Akafungua mlango akamwita. Mimi nikanyanyuka, nikageuza kiti changu, nikakaa nikiutazama ukuta. Nikasikia kandambili zikiingia.

"Mama, mbona umegeuka? Mtazame. Huyu ndiye mkwe wako?"

"Siwezi kumtazama."

"Utamtambuaje?"

"Mwambie akohoe."

"Mzee," afisa akasema, "naomba ukohoe."

Baba akakohoa. Mara mbili kavu, moja ya chini kabisa, kama kawaida.

"Ndiye," nikasema.

"Miaka yangu yote ya kazi," afisa akasema, kwa ukuta au kwa Mungu, "sijawahi kuona mtu akitambuliwa kwa kifua." Kisha akamgeukia baba. "Mzee, wewe unamfahamu huyu?"

"Sana."

"Una lipi la kunithibitishia?"

Baba alizungumza taratibu, akimwelekea afisa.

"Usoni sijamtazama, kwa hiyo usiniulize sura yake. Lakini chai yake ina tangawizi nyingi kupita kiasi, nami nimeizoea. Wali wake hauna mawe. Akiosha vyombo akiwa na furaha hupiga mluzi, anadhani siko. Mwanangu alipokufa, mluzi ulikoma. Nilikaa nikisikiliza sahani tupu. Msimu huu wa kakao, siku moja, nikausikia tena. Kidogo tu. Siku ile nililala vizuri."

Nilishukuru kwamba nilikuwa nimeutazama ukuta.

"Na kosa la jina ni langu," baba akaendelea. "Jana nilikuwa nje pale Vwawa, nilisikia. Huyu mtoto angeuliza swali moja tu asingezungushwa, na hakuliuliza kwa ajili yangu. Kwetu mkwe humfungua mkamwana wake mbele ya watu, kwa kitu. Nilikuwa nangoja ng'ombe azae nifanye kwa heshima, nyumbani, ukoo ukiwepo. Ng'ombe mwenyewe ni tasa, nimechelewa kukubali. Mama, wewe uwe shahidi."

Nikasikia gazeti likichanwa.

"Geuka, mwanangu," akasema.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kunielekezea bila mtu katikati. Nikageuka. Juu ya meza ya serikali, juu ya faili langu, palikuwa na kitenge cha rangi ya kijani. Na nyuma yake mtu mfupi. Kutokana na kile kikohozi nilikuwa nimemjenga mtu mrefu, wa mashavu, mwenye macho makali. Kumbe ni mfupi, ana masikio ya Ambakisye, yale yale yaliyosimama, na alikuwa na haya kuliko mimi.

Afisa alisubiri kwa adabu. Kisha akachukua kalamu.

"Tuanze upya. Mpaka wetu na Malawi ni mto gani?"

Neno lilikuwa limekaa kooni miaka mingi, likatoka kama kwikwi. "Songwe."

"Mkoa wa jirani?"

"Songwe."

"Mumeo?"

"Ambakisye Songwe."

"Na baba mkwe wako?"

Nikamtazama. "Songwe."

"Naam," baba akaitika.

Afisa aliandika kwa muda, akagonga muhuri, akasema anapendekeza nikubaliwe. Halafu akamuuliza baba kama kitenge kile ni cha Vwawa, maana rangi ameipenda.

Nyumbani

Kadi yenyewe imefika wiki iliyopita. Iko kabatini, na Mama Atu ameshawaonyesha wageni wake.

Lakini mnaniuliza kila siku, sasa baada ya kufunguliwa, mnaongea nini? Nitawaambia ya siku ile, kwenye Noah ya kurudi. Tulipanda, na kwa mara ya kwanza tukakaa kiti kimoja, konda akiwa ameketi kwenye kigoda mbele yetu. Nilikuwa na mambo ya miaka yote ya kumwambia. Naye bila shaka. Tukapita mpunga wa watu wa Njisi, tukapita Kyela mjini, tukaingia barabara ya vumbi. Hakuna aliyepata pa kuanzia. Kila mmoja alikuwa amejibana upande wake, katikati yetu pakatosha mtu wa tatu.

Vumbi likaanza kuingia. Baba akakohoa, akamgusa konda begani.

"Kijana," akasema, "hebu mwambie mwanangu afunge dirisha."

Konda akanitazama. Nikalivuta dirisha, likagoma. Nikavuta tena. Nami nikamgusa konda begani.

"Mwambie baba limekwama," nikasema. "Mwambie asonge huku."

Baba akasonga.